Shati la Gustave

Wivine alimchorea mabango yeyote aliyekuja: saluni, duka la dawa, baa, kanisa la Nyakasanza lililotaka njiwa juu ya mlango. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Sura za watu alizichora nyumbani tu, katika chumba alicholala, juu ya mbao nyembamba za triplex, na wote walikuwa watu aliokula nao. Marafiki zake. Wanaume aliowapenda, ambao hawakuwa wengi. Hakuuza hata moja. Nani angenunua picha ya Patou kinyozi amelala mdomo wazi?

Wivine alikuwa mtu wa Aru. Alisomea uchoraji Kinshasa kwa muda, baba yake akafariki, akarudi mashariki na kushukia Bunia, na mimi ndiye niliyempangisha nusu ya nyumba yangu mtaa wa Saio. Jina langu Faida. Nasuka nywele.

Aliponichora mimi nilikuwa nimeloweka miguu ndani ya beseni. Ilikuwa wiki ile mume wangu alipokwenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Mongbwalu bila kuaga, nami nilikuwa nimezunguka mji mzima nikimwulizia. Wivine akaniwekea maji ya moto na chumvi, akachukua ubao wake.

“Kaa tu vile,” akaniambia. “Usijipange.”

Picha ilipokwisha nilikasirika. Chini ya macho alinipaka kijani, midomo imelegea, miguu mikubwa kuliko kichwa.

“Sasa hii ni miye?”

“Ni weye wa leo.”

Nikanuna siku kadhaa. Baadaye nikaizoea, halafu nikaanza kuipenda, maana hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kuniangalia kwa muda mrefu namna ile bila kutaka kitu.

Gustave alimchora mara nyingi. Gustave alikuwa dereva wa lori, mtu wa Mahagi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kukwaruza. Alipanda Mahagi na sabuni na chumvi, akashuka Bunia na maharage na samaki wakavu, na kila aliposhuka alipitia Saio kabla ya kwenda kwake, ana vumbi hadi kwenye kope. Kwake kulikuwa na mke, Claire, na watoto watatu, mkubwa akiitwa Chance. Sisi tulijua. Mtaa ulijua. Claire alikaa upande wa pili wa mji, na kama naye alijua, hakuna aliyemsikia akisema. Mimi sitamtetea Wivine wala sitamhukumu. Nilikuwa nasikia Gustave akiingia, nasikia maji yakimwagwa, halafu kimya kirefu, na ndani ya kimya kile brashi inakwangua ubao.

Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ile aliyomchora amekaa ukingoni mwa kitanda, kifua wazi, ameshika kidole cha mguu, kichwa kimeenda nyuma kwa kicheko. Ungeitazama, ungesikia joto la mtu. Kitanda kilikuwa cha Wivine, na shuka lenye mistari lilikuwa lake pia.

Vita vilikuwa vimeanza mwaka wa tisini na tisa, na ilipofika elfu mbili na tatu tulikuwa tumechoka hata kuvizungumza. Wahema na Walendu waliuana, wenye bunduki wakabadilisha majina na wakubwa, na sisi ambao hatukuwa wa huku wala wa kule tuliulizwa kwenye kila kizuizi, weye ni wa wapi, na jibu lililokuokoa asubuhi liliweza kukuua jioni. Marafiki wa Wivine walipungua chumbani. Mmoja alikimbilia Beni, mwingine akaenda Uganda, wawili wakaacha kusalimiana ingawa picha zao zilitundikwa bega kwa bega ukutani. Patou alikunja mkeka wake mlangoni akisema ataondoka, na kila wiki alikuwa bado yupo.

Mwezi wa tano askari wa Uganda wakaondoka Bunia, na mji ukabaki mikononi mwa wanamgambo. Gustave alikuwa amepanda Mahagi siku chache kabla. Alimwambia Wivine atarudi Jumamosi. Jumamosi haikufika, kulikuwa na risasi tu. Watu wakabeba magodoro kuelekea uwanja wa ndege, ambako askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi. Patou akafuata msafara wa waliotembea kwa miguu kwenda Beni. Mimi nikafunga sufuria, unga na blanketi. Nilipotoka nje nikamkuta Wivine anafunga mbao tatu kwa kamba.

“Wivine, acha ile mambo! Beba sufuria!”

“Sufuria beba weye. Miye niko na hizi.”

“Batu banakufa na weye unabeba triplex?”

Alizipandisha kichwani, tukaenda. Njiani tulikutana na watu waliobeba mbuzi, cherehani, mgonjwa juu ya baiskeli, na hakuna aliyemshangaa.

Ni triplex ile iliyotuokoa, sitakataa. Mvua ilinyesha kambini kana kwamba nayo imetumwa. Plastiki zilizogawiwa hazikututosha, na wengi walilala chini ya vitenge. Sisi tulisimamisha mbao tatu tukazifunga kwenye miti, tukatupa kipande cha plastiki juu, tukawa na kuta. Rangi ya mafuta haipitishi maji. Wivine alizigeuza ili sura ziangalie ndani, na hivyo tulilala tukitazamwa: upande wa kichwa mama yake Wivine akichambua mboga, upande wa miguu mwanamke mmoja wa kwaya aliyekuwa rafiki yake, na upande mrefu, karibu kabisa na pua zetu, Gustave na kifua chake.

“Anacheka nini huyu?” nikasema mara moja, nimelowa, nina njaa.

“Anakucheka weye,” Wivine akasema, na huo ndio mzaha pekee ninaoukumbuka wa mwezi ule.

Claire alikuja kutafuta moto. Kuni zilikuwa zimelowa kambi nzima na sisi tulikuwa na makaa, kwa hiyo watu walikuja na mikebe kuomba. Mimi sikumjua kwa sura. Niliona mwanamke mwembamba, kitambaa cha kichwani kimefifia, mtoto mgongoni.

“Hodi, ba mama. Muko na moto?”

“Iko, mama. Karibu.”

Akainama ndani akaanza kuokota makaa kwa kijiti. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa mbele ya uso wa Gustave. Alibaki ameinama vile vile, mkebe mkononi, moshi ukimwingia machoni.

“Huyu ni bwana yangu,” akasema.

Wivine alikuwa amekaa ndani, magoti yamegusa kidevu. “Ndiyo,” akajibu.

“Nani alimuchora?”

“Ni miye.”

Claire akatazama shuka lenye mistari. Alilitazama zaidi kuliko alivyomtazama mumewe.

“Ile kitanda ni ya nani?”

“Ni yangu, mama.”

Mimi nilikuwa nimeshakaza kitenge kiunoni. Nilijua vita vingine vinaanza hapo hapo, na kwamba nitalazimika kumshika mmoja. Lakini Claire aliweka kaa la mwisho ndani ya mkebe, akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Nilimwangalia akipita kati ya mahema akikinga moto kwa kiganja. Hasira nayo inataka nguvu, na nguvu zetu zote zilikwenda kwenye maji na kuni.

“Tugeuze ile ubao,” nikamwambia Wivine.

“Ameshaona,” akasema. “Tugeuze ya nini?”

Habari za Gustave zilifika kwenye foleni ya maji. Vahwere, mama mmoja mchuuzi wa samaki, mtu wa Butembo, aliingia kambini kwa miguu akiwa amevimba hadi magotini. Alikuwa ndani ya lori la Gustave. Alikuja moja kwa moja kwenye bomba kwa sababu pale ndipo wanawake wote walipokuwa, akasimama karibu na bidoni, madumu yetu ya maji, akauliza kwa sauti:

“Nani hapa anajua bibi ya Gustave, dereva?”

Wanawake wawili waligeuka. Claire alikuwa mbele, karibu kabisa na bomba. Wivine alikuwa nami, nyuma. Vahwere akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akachanganyikiwa. Ndipo Wivine akateremsha macho, akasogeza bidoni yake kwa mguu kana kwamba ndiyo iliyomgeuza.

“Ni miye,” Claire akasema.

Vahwere alisimulia pale pale. Hakuwa na nguvu za kutafuta faragha. Walisimamishwa kwenye kizuizi, katikati ya njia ya kutoka Mahagi. Wenye bunduki walitaka lori. Gustave akawaambia watachukua, lakini wangoje kwanza wamama washuke na watoto wao. Mmoja akaona anacheleweshwa, akafyatua.

“Ilikuwa mbio-mbio,” Vahwere akasema. “Haikumuumiza sana. Batu ba kijiji balimuzika kando ya njia, na katekista alisali. Niliona kwa macho yangu.”

Claire akauliza kama alizikwa na viatu. Vahwere akatazama miguu yake iliyovimba, akasema ndiyo. Sote tulijua anadanganya, na tulimshukuru. Mtu fulani akafunga bomba. Claire akakaa chini kwenye matope, wanawake wakamzunguka, kilio kikaanza.

Wivine alijaza bidoni yake zamu ilipofika. Akaibeba hadi kibandani. Humo akalala chini, akageukia ubao, akaweka kiganja kwenye kifua cha Gustave, na hakutoa sauti yoyote. Nikakaa mlangoni ili watu wasiingie. Angelia kwa nani? Mjane alikuwa mmoja.

Matanga yalifanyika kambini, bila mwili, bila ngoma, kwa chai ya rangi na maharage machache ambayo kila mmoja alileta kiganjani. Wivine akaniambia anakwenda. Nikamwambia asiende. Akaenda. Hakukaa na waliolia. Alikwenda nyuma, palipokuwa na masufuria, akaosha vyombo tangu asubuhi hadi watu walipotawanyika. Claire alimwona. Kuna wakati alipita karibu naye kabisa akienda kumwaga maji, na Wivine akainuka kumpisha, mikono imejaa majivu.

Mwezi wa sita wakaja askari wa Kifaransa na magari yao, risasi zikapungua mjini, na watu wakaanza kurudi kidogo kidogo kuangalia kilichobaki. Nyumba yangu ilikuwa na kuta. Milango haikuwepo, mabati ya upande mmoja hayakuwepo, kitanda cha Wivine hakikuwepo. Picha tulizoziacha tulizitafuta kwa majirani bila kuuliza sana. Patou alikuwa amekatwa kuwa kuni. Tuliona kipande cha sikio lake kwenye majivu. Mimi nilipatikana nyuma ya nyumba ya pili, nimefanywa mlango wa choo, miguu juu kichwa chini. Mwenye choo akaniambia nimwachie hadi apate mlango mwingine. Nikamwachia.

Claire naye alirudi akakuta majivu. Mtaa wao ulikuwa umechomwa. Akahamia kwa shangazi yake na watoto wote watatu.

Ilikuwa mwezi wa nane alipokuja Saio. Mchana, jua kali, Wivine anakwangua kutu kwenye bango la zamani. Claire alibisha hodi ingawa hakukuwa na mlango. Nikampa kigoda. Akakaa, akafuta jasho, akatazama paa lililo wazi.

“Baliwakosea ninyi pia,” akasema.

“Balitukosea,” nikajibu.

Kisha akamgeukia Wivine, na akaongea kama mtu aliyeyapanga maneno njiani na sasa anayatoa yote kabla hayajampotea.

“Shemeji Alphonse amefika, ndugu mudogo ya Gustave. Alizungukia Uganda. Mama yao anataka misa kule Mahagi. Anasema hakuona mwili, hakuona kaburi, aone hata sura. Na miye sina sura. Album ya ndoa iliungua, karte yake yenye picha alikuwa nayo mufukoni. Ile picha iko?”

“Iko,” Wivine akasema.

“Lakini siwezi kuipeleka vile iko. Kule ni kanisa. Padri atakuwa pale, na batoto yangu.”

“Nitakuchorea ingine. Uso tu.”

“Sawa,” Claire akasema, na akainuka mara moja, akiona amepata kirahisi kuliko alivyotegemea.

Wivine hakuweza. Alijaribu wiki nzima. Alichora sura tatu na kuzikwangua zote tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu mwingine, ya pili ilikuwa ya maiti. Ya tatu mimi niliona inafanana, lakini yeye alisema inafanana na picha ile nyingine, haifanani na Gustave.

“Miye nachoraka mutu mwenye kukaa mbele yangu,” akasema. Alikuwa amekaa chini, kisu cha kukwangulia kwenye mapaja. “Anapumua, anajikuna, anasema uongo. Sasa hakuna mutu. Nachora nini?”

“Muambie Claire hivyo.”

Claire aliporudi, akaambiwa hivyo. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema:

“Leta ile ingine.”

Tukaitoa tukaisimamisha ukutani kwenye mwanga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona mchana, bila moshi. Mvua za kambini zilikuwa zimevimbisha kona moja, lakini Gustave alikuwa mzima. Claire aliitazama muda mrefu. Nilifikiri atatema mate. Nilifikiri atalia.

“Umuvalishe shimizi,” akasema, akimaanisha shati.

Wivine akamwangalia kama hakusikia.

“Shimizi. Umufunike kifua, na ile kitanda pia uifute. Uso ubakie.”

Rangi zilizobaki zilikuwa za mabango: nyeupe, bluu, kijani kidogo, na nyekundu iliyokauka nusu. Wivine akazifungua moja moja. Akachukua muda mrefu kupita kiasi kukoroga bluu, nami nikajua anakoroga ili asianze.

“Shimizi gani?” akauliza hatimaye.

“Ile ya bluu, yenye kola nyeupe. Alivalia ubatizo ya Chance.”

“Sikumuonaka na ile.”

“Ungemuonea wapi? Ilikuwa ya kanisa.”

Claire alisema hivyo bila ukali. Akavuta kigoda karibu na ubao, akaanza kumwonyesha kwa kidole bila kugusa: kola ilikaa hapa, kifungo cha juu hakukifunga kamwe, mfuko ulikuwa upande huu na ndani kulikuwa na kalamu ambayo haikuandika. Wivine alifuata. Alianzia begani. Brashi ilipofika chini ya mfupa wa shingo, penye kovu refu, ikasimama.

“Hapa,” Wivine akasema, “aliniambia springi ya lori ilimuruka.”

“Springi?” Claire akainua macho. “Miye aliniambia ni ng'ombe ya babu yake, wakati alikuwa mutoto.”

Wakatazamana.

“Alikuwa na uongo, ule mutu,” Claire akasema.

“Mingi.”

Na wakacheka, siyo kicheko cha raha, pumzi tu ikitoka puani, lakini ilitoka kwa wote wawili. Kisha Wivine akalifunika kovu kwa bluu. Akaendelea.

Kwa kitanda, alipaka kijani tupu, na Gustave akawa kama mtu aliyekaa kwenye kilima. Mkono ulioshika kidole cha mguu uliwasumbua. Kanisani mtu hashiki mguu. Wakakubaliana akatwe kiunoni, na mimi nikaazima msumeno. Ilipofika kwenye uso, Wivine akauliza:

“Na hii kucheka? Nifunge mudomo?”

Mtoto mdogo wa Claire alikuwa amelala kwenye kanga sakafuni. Claire alimfukuzia nzi usoni kwanza.

“Iache,” akasema. “Kwangu hakukuwa anachekaka vile. Alikuwa anakuja amechoka, anakula, anauliza batoto, analala. Nataka bamuone anacheka.”

Wivine akaweka brashi chini.

“Hapa pia alikuwa analala, Mama Chance. Siku zote alikuwa analala tu. Ile siku alicheka juu ya vile Faida alianguka na ndoo pale inje.”

“Kweli,” nikasema. “Niliumia mugongo.”

Claire akatikisa kichwa polepole. Sijui kama ilimfariji au ilimvunja zaidi. Labda alikuwa ametembea hadi kwetu akiamini kulikuwa na Gustave wa pili, aliyecheka kila siku, na sasa anaambiwa alikuwa mmoja tu, aliyechoka pande zote mbili.

Alphonse alikuja kuichukua. Mwanamume mrefu, mpole, ana sauti ile ile ya kukwaruza, na aliposema hodi Wivine alishika ukuta. Alisimama mbele ya picha akavua kofia.

“Ni yeye,” akasema. “Ni yeye kabisa. Nani alichora?”

“Ni huyu dada,” Claire akasema. “Alikuwa rafiki ya Gustave.”

Alphonse akamtazama Wivine, akautazama uso wa ndugu yake kwenye ubao, akamtazama tena Wivine. Kama alielewa, alielewa kwa heshima. Alimpa mkono, mikono yote miwili.

“Familia inasema aksanti,” akasema.

Wakaifunga kwa blanketi, wakaondoka nayo. Wivine akaniambia nisimwamshe, akalala. Alilala siku mbili. Siku ya tatu nikampelekea uji, akaunywa amekaa, akasema bila kuniangalia:

“Nilikuwa na kifua yake tu, Faida. Sasa sina.”

Nikachukua kikombe.

Misa ilisomwa mwezi wa tisa. Sisi hatukwenda. Claire aliporudi Bunia na watoto kufunga vitu vyake, alipita kwetu na kifurushi cha samaki wakavu, akakaa kwenye kigoda kile kile akatusimulia. Kanisa lilijaa. Watu wa ziwani walikuja, watu wa soko walikuja, madereva waliegesha malori nje wakapiga honi. Picha iliwekwa kwenye kiti mbele ya altare na maua ya karatasi. Mama yake Gustave, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akaongozwa hadi pale, akainama, akapapasa. Akapapasa uso, akapapasa meno. Kisha akapapasa shati.

“Ilikuwa bado mbichi,” Claire akasema.

Wivine akaweka mkono mdomoni. Bluu ile aliipaka nzito mno juu ya rangi ya zamani, na njiani ilifungwa kwenye blanketi ikakosa hewa.

“Mukono yote bluu. Na pale alipopapasa, bluu ikatoka, ngozi yake ikaonekana, hapa,” akajigusa chini ya bega. “Batu bote bakaona. Padri akakohoa. Miye nikataka dunia ipasuke. Lakini mama akanusa mukono yake, akajipaka kwa uso, akasema aachwe hivyo hivyo. Alikaa misa yote na uso ya bluu. Hakuna mwenye alithubutu kumupangusa.”

Tulicheka hadi mimi nikashika ubavu. Claire alicheka machozi yakimtoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma, na Wivine akaenda akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Hakumshika. Alikaa tu.

Claire alikuwa anahamia Mahagi. Familia ya Gustave ilimpa chumba na kipande cha shamba. Kabla ya kuondoka alikuja tena mara mbili au tatu, akisema anapita tu, na mara moja Wivine akamwuliza kama angekubali kuchorwa. Alikubali, kwa sharti asivuliwe kitu. Akakaa dirishani. Baada ya muda mfupi kichwa kikaanza kuinama, akashtuka, kikainama tena. Wivine hakumwamsha, alichora mtu anayepigana na usingizi.

Ilipokwisha, Claire akaisogelea.

“Umenizeesha.”

“Pole.”

“Hapana. Ni vile.” Akaitazama zaidi. “Lakini hii siibebi. Batoto banaogopa. Ikae hapa kwenu.”

Akafunga kitambaa chake kichwani, akatuaga. Nilimsindikiza hadi barabara kubwa, ambako malori ya Mahagi yalikuwa yameanza kupanda tena na mengi yalijaa. Nilipanga vitu vyake juu ya magunia, nikawapandisha watoto mmoja mmoja. Chance alitaka kukaa mbele na dereva, na mama yake akamkatalia.

Niliporudi nyumbani, Wivine alikuwa juu ya ngazi mbele ya ofisi ya shirika la misaada iliyofunguliwa mtaani, anachora herufi za bango jipya. Herufi kubwa, nyeusi, zilizonyooka. Aliniuliza kama wamepata nafasi ndani ya lori. Nikamwambia wamepata. Akasema vizuri, akarudi kwenye herufi zake, nami nikaingia ndani kupika wale samaki wa Claire.